Bunduki kuukuu haikumfikia kindi wa Tana

Mkulima wa ukingoni mwa Mto Tana, awe wa Nanighi, wa Hola ama wa Garsen kule chini, ana maadui wengi wa shamba, na baadhi yao ni wa kutisha. Kiboko akitoka majini, usiku mmoja tu aweza kula na kukanyaga jasho la msimu mzima. Nyani huja kwa kikosi. Habari za hawa husikika barazani na hufika hata magazetini. Lakini yuko mwingine asiyeandikiwa barua kwa chifu wala kutajwa katika hotuba, naye ni kindi, au kidiri kama wengine wamwitavyo.

Kuna kindi wa mtini na kuna kindi wa chini, na mkulima hawachanganyi. Wa mtini ana mkia wa manyoya mengi, anaishi katika misitu myembamba inayofuata mto, na chakula chake kikubwa ni matunda na mbegu za porini. Huyo hana ugomvi mkubwa na mtu. Mwenye ugomvi ni wa chini, yule achimbaye mashimo yake katika ardhi kavu nyuma ya mashamba. Mahindi yakipandwa leo, kesho jua likianza kupanda yeye hufuata mstari, shimo baada ya shimo, akifukua punje kama mtu aliyepewa kibarua cha siku. Mwenye shamba akirudi hukuta vishimo vitupu. Na mbegu, kama ilinunuliwa dukani, ni fedha. Kama ilitoka ghalani, ni chakula ambacho watoto walinyimwa ili kipandwe.

Sasa, kuna nchi ambazo mnyama huyu mdogo ametengewa bunduki yake maalumu, tena si bunduki mpya, bali silaha kuukuu iliyofanyiwa ufundi. Jambo hilo lina historia ndefu, na msomaji akilifuata ataona kwa nini halikutokea Tana.

Marekani ndiko mashuhuri kwa hayo. Mafundi wa asili ya Kijerumani waliotua Pennsylvania katika karne ya 18 walifua bunduki ndefu zenye mtutu uliochongwa mikondo ndani ili kuizungusha risasi. Watu wa Kentucky na Tennessee walizipenda, na zile za tundu dogo wakaziita bunduki za kindi, kwa kuwa nyama ya kindi kwao ni mchuzi wa heshima. Risasi kubwa haifai hapo: ikimpata, kinachobaki ni manyoya. Mwindaji hodari hulenga kichwa kwa risasi ndogo, nyama isalie nzima.

Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa kiasi kidogo cha .22, yaani chenye risasi ya upana wa milimita tano na nusu hivi. Mwaka 1887 kampuni ya Stevens ikatoa kilicho kirefu zaidi, ambacho hadi leo hakijapata mshindani kwa wingi wa mauzo. Stevens hao hao walitengeneza kibunduki cha risasi moja moja kiitwacho Favorite, ambacho vijana wengi wa mashambani walikimiliki mwanzoni mwa karne ya 20. Kilitoka kwa viasi vya .22, na vingine kwa .25 na .32. Baadaye viwanda vikaacha kufua viasi vya .25 na .32 vya namna ile. Wajukuu wakajikuta na urithi mzuri ukutani, mbao zake zikingali zinang'aa, lakini usiolia.

Hapo ndipo mafundi walipopata kazi. Mtutu wa zamani, ulioliwa na kutu au usio na viasi vyake tena, hutanuliwa ndani na kuingizwa bomba jembamba la chuma jipya lenye tundu la .22. Kwa nje bunduki ni ile ile ya babu, na alama za kiwanda hazikuguswa. Kwa ndani ni nyingine. Ni kama kanzu ya zamani iliyotiwa bitana mpya.

Waingereza nao walifanya hivyo, ingawa si kwa ajili ya mchuzi. Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 viliwaonyesha kuwa askari wao wengi hawakuwa na shabaha, na vilabu vya kulenga vikaenea. Kwa kuwa kiasi cha .303 ni ghali na risasi yake huenda mbali mno kwa viwanja vya mjini, kuanzia mwaka 1907 bunduki za jeshi zilizokwisha kuzeeka, za aina ya Lee-Metford, ziligeuzwa kuwa za .22 kwa mazoezi. Huko Australia, bunduki ndogo za Martini za .310 walizobeba wanafunzi wa shule kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ziliuzwa baadaye kama mali isiyohitajiwa. Nyingi zikavuka bahari hadi Marekani, zikatiwa mitutu mingine, zikaingia porini kuwinda wanyama wadogo.

Hapa naomba ruhusa nitoke njiani kidogo. Neno letu "bunduki" lina asili ya Kiarabu, nako "bunduq" ni kokwa ndogo ya mviringo ya mti mmoja wa Ulaya na Asia ya Magharibi. Kokwa ikawa jina la kidonge cha kutupwa, na kidonge kikakipa jina chombo kinachokitupa. Na kokwa hiyo hiyo ndiyo chakula akipendacho sana kindi wa Ulaya. Kwa hiyo mnyama huyu na silaha hii walikutana katika lugha zamani sana.

Gumegume na viasi

Waswahili wa kale hawakuziita bunduki zote kwa jina moja. Kulikuwa na gumegume, inayowasha baruti kwa cheche za jiwe. Kulikuwa na bunduki ya fataki. Na kulikuwa na bunduki ya viasi, inayotiwa risasi kwa nyuma. Aliyekuwa na gumegume hakusimama mbele ya mwenye viasi.

Mwaka 1889 Mjerumani Carl Peters, kwa kisingizio cha kwenda kumwokoa Emin Pasha, alishuka pwani karibu na Lamu akaufuata Mto Tana kwenda bara, akiwa na watu wake na bunduki za viasi. Aliwalazimisha Wapokomo kumpa chakula na mitumbwi, na alipofika kwa Waoromo wa mtoni palipigwa risasi na mkubwa wao akauawa. Hivyo ndivyo bunduki mpya za Ulaya zilivyojitambulisha kwa watu wa mto huu.

Mwaka uliofuata, tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels wa kupinga biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Katika sehemu kubwa ya Afrika bunduki za kisasa zilikatazwa kuuzwa kwa wenyeji, lakini gumegume zisizo na mikondo, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa. Yaani Mzungu aendelee na viasi, Mwafrika abaki na jiwe. Oktoba ya mwaka huo huo Waingereza wakaishambulia Witu, si mbali na mahali Tana inapoingia baharini, na usultani ule, uliojengwa kwa nguvu za bunduki, haukuinuka tena kama ulivyokuwa.

Upande wa Tanzania chombo cha kale hakikufa. Gobore bado ni silaha ya mkulima katika vijiji vingi, wengine wakiwa na kibali na wengine bila, na mafundi wa kienyeji wamekuwa wakilitengeneza na kulirekebisha kwa mikono yao. Huenda likatiwa marisau ya kupiga kanga au tumbili. Kwa maoni yangu fundi wa gobore na fundi wa kule Marekani ni ndugu wa kazi moja: wote wawili wanakataa kukitupa chuma kwa sababu tu kimezeeka. Tofauti ni kwamba mmoja ana duka lenye leseni na mwingine hulala akisikiliza kama mbwa wanabweka.

Upande wa Kenya mlango ulifungwa zaidi, na penye Tana ya juu ulifungwa kwa kufuli mbili. Nchi ya mpakani ilitawaliwa kama eneo la hatari. Bunduki zilionekana mikononi mwa askari na dubas wenye vilemba vyekundu. Halafu vikaja vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, ambapo mtu kukutwa na silaha kulikuwa jambo la kupoteza maisha. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, bunduki zikavuka mpaka kwa wingi, lakini hizo ni za kupigia watu. Wala usidhani hatari hiyo ni ya kale: mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, mapigano ya Wapokomo na Waorma kule Delta yaliua watu zaidi ya 100, wake kwa watoto wakiwamo. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hizo, hakuna mzee atakayefurahi kumwona kijana akipita na mtutu begani, hata akisema anawinda kindi.

Silaha ya kale iliyobaki kuonekana vijijini ni ile .303 ya Lee-Enfield, ambayo kwa miaka mingi ilibebwa na polisi wa akiba. Risasi yake ina uzito wa gramu 11 hivi, ile ya.22 haifiki gramu 3. Kumpiga kindi kwa .303 ni kumwua inzi kwa mchi wa kinu. Tena ni mali ya serikali. Hakuna fundi aliyeruhusiwa kuitia bomba la .22, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimwachii mtu nafasi ya kujaribu.

Manati, tanzi na dungu

Basi kindi wa Tana hupigwa na nini? Kwa sehemu kubwa hupigwa na watoto. Kazi ya kuamia ni ya kale kuliko shule, na pengine mashamba ya Pwani yasingevunwa bila hiyo. Mtoto hupandishwa juu ya dungu, au hukaa chini ya kivuli, akapewa kombeo na rundo la udongo mkavu. Siku hizi wengi wana manati. Na hapa, kwa kweli, ndipo ulipo ufundi wa kugeuza kitu kuukuu: mpira uliotoka katika tyubu ya baiskeli au ya lori iliyokwisha kazi barabarani, kigozi cha kiatu kilichochakaa, na panda ya mti iliyochaguliwa kwa jicho. Anayejua hukata mipira miwili kwa upana ule ule; ukizidi mmoja, jiwe huenda kwa jirani.

Kando ya shimo la kindi hutegwa tanzi la uzi au waya mwembamba. Ni kazi ya subira, na mtegaji akisahau kuondoa uzi wake, wa kwanza kunaswa huwa ni kuku wa nyumbani.

Vijiji vingi vya Tana ya juu ni vya Kiislamu, na mnyama aliyekufa kwa kipigo cha jiwe au fimbo kabla ya kuchinjwa haliwi. Juu ya risasi wanazuoni walihitilafiana, lakini juu ya pigo la jiwe hakuna ubishi. Kwa hiyo manati hapa ni ya kufukuza, si ya kitoweo, na mchuzi wa kindi wa watu wa Kentucky haukupata kuwa desturi.

Waliokuwa wawindaji hasa ni Wawata, ambao wengine wamewaita Wasanye au Waliangulu. Hao pinde zao ndefu ni ngumu kuvuta kiasi kwamba mtu mwenye misuli ya kawaida hushindwa, na mishale yao yenye sumu ya msungu ilimwangusha ndovu. Sumu hiyo ilikuwa na thamani na ilifungiwa ngozi isikauke. Kuipoteza kwa mnyama wa kiganja kimoja kungekuwa wazimu. Msako mkubwa wa 1956 na 1957 katika Tsavo uliwapeleka wengi wao gerezani. Mpango wa Galana ulioanza mwaka 1960 ulikusudiwa kuwapa nafasi ya kuwinda kwa halali, lakini mwishowe haukuwarudishia maisha yao. Tarehe 20 Mei 1977 uwindaji ukapigwa marufuku Kenya nzima.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 imeendelea kukaza, na hata kuwinda kwa ajili ya chungu cha nyumbani ni kosa. Sheria hiyo hiyo ina orodha ya wanyama ambao mkulima aweza kudai fidia wakiharibu mazao: ndovu yumo, kiboko yumo, nyati yumo. Kindi hamo. Kwa ndovu mtu hujaza fomu, ingawa malipo huchukua miaka. Kwa kindi hakuna fomu ya kujaza. Naona hapo pana dosari. Aliyepandiwa punje na kufukuliwa punje amepoteza kama aliyekanyagiwa, ila amepotezewa kidogo kidogo.

Hata hivyo sitamani ile bunduki ya bitana iletwe Nanighi. Misitu ya Tana ni myembamba, na ndiyo makao ya kima punju wekundu na nyani wadogo wenye kishungi wasiopatikana penginepo duniani, ambao hifadhi yao ilitangazwa mwaka 1976. Kindi wa mtini husaidia kutawanya mbegu za miti hiyo. Mtutu wa .22 haupigi kelele nyingi, na mwenye nao hatabaki kwa kindi wa chini peke yake.

Tena muda wa hatari si mrefu. Maji ya mafuriko yakishuka, mbegu huzikwa katika tope bichi, na kindi huifuata kwa pua. Mche ukishatoa majani na kuimaliza punje iliyo chini, hana tena cha kufukua, hurudi kwenye shimo lake. Kwa siku hizo chache mtoto huamka alfajiri, hujaza mfuko wake vijiwe vya mtoni, huiangalia mipira ya manati kama ina ufa, kisha hupanda dunguni. Atashuka mahindi yakifika magotini, na atapanda tena yakianza kutoa maziwa, maana hapo kindi hurudi, safari hii akiongozana na kasuku na tumbili.