Ulimi ni Mlinzi wa Kahawa, Si wa Waragi

Saa kumi na moja alfajiri, askari ashukaye lindo katika mji wa Kampala hutamani kitu kimoja kabla ya yote: kikombe cha moto. Mara nyingi hupewa chai. Akiomba kahawa, huletewa maji meusi yenye harufu ya gunia lililoungua, naye hutia vijiko vinne vya sukari, akayanywa kama anywavyo dawa ya homa. Jambo hili ni la kustaajabisha, kwa sababu Uganda ni mojawapo ya nchi zinazouza kahawa nyingi kabisa katika Afrika, na mbuni wa aina ya robusta ni mti wa asili wa nchi hii, umeao wenyewe porini hata leo katika msitu wa Kibale. Lakini sehemu kubwa ya buni zetu husafirishwa ng'ambo, na sisi wenyewe tumezoea chai. Ustadi wa kupika kahawa haukupata kuingia sana katika majiko yetu, sembuse katika majiko ya kambini.

Si kwamba wazee hawakuijua kahawa. Katika Buganda matunda ya kahawa yalichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, kisha yakatafunwa. Na mgeni aliyeingia nyumbani alikaribishwa kwa kahawa hiyo kama mtu wa pwani akaribishwavyo kwa tambuu. Hata watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana walikula buni mbili za tunda moja, kila mmoja akitafuna ile iliyopakwa damu ya mwenzake. Walioitafuna waliitambua kahawa njema na mbaya. Sisi tunaoinywa ndio tuliopoteza elimu hiyo.

Basi tuanze shambani, maana ladha ya kikombe huanza huko. Kuna kahawa za namna mbili katika nchi yetu. Robusta hulimwa katika nchi za chini kando ya Ziwa Victoria na kwingineko. Arabika hupandwa milimani, hasa katika miteremko ya Mlima Elgon, ambako Chama cha Ushirika cha Bugisu kilianzishwa mwaka 1954, na pia katika milima ya Rwenzori. Robusta ina kafeini inayokaribia mara mbili ya ile ya arabika, nayo ina sukari na mafuta machache zaidi. Kwa hiyo ni chungu na nzito mdomoni, na huamsha mtu kwa nguvu. Arabika ina uchachu mwepesi kama wa tunda, na harufu yake ni tamu zaidi. Mtu asidhani kwamba robusta ni kahawa ya kudharauliwa. Kahawa iliyovunwa vizuri ya bondeni huishinda arabika iliyoharibiwa na uvivu.

Na uvivu huo ni wa namna nyingi. Mkulima mwenye haja ya fedha hukamua tawi zima, matunda mabichi na mabivu pamoja, akayaanika juu ya udongo mtupu. Kahawa iliyokaushwa na maganda yake wakulima huiita kiboko (msomaji askari asiichanganye na kile kiboko kingine). Kiboko iliyokauka juu ya mkeka au turubai, ikageuzwa mara kwa mara na kufunikwa mvua inapotishia, hutoa kinywaji kizito na kizuri. Ile iliyolala chini hunyonya ladha ya udongo na ukungu, na hakuna mpishi duniani awezaye kuiondoa ladha hiyo baadaye. Huko Bugisu matunda huchumwa yakiwa mekundu, humenywa siku ile ile, buni huachwa zichache kwa saa kadhaa hadi utelezi wake ulegee, kisha huoshwa na kukaushwa juu ya vichanja. Kazi hiyo ndiyo inayolipiwa katika bei yake.

Baada ya shamba huja kikaango. Buni mbichi haina harufu ya kahawa hata kidogo. Moto ndio unaoizaa. Inapofikia joto la nyuzi 200 hivi, hupasuka kwa sauti kama bisi za mahindi, na tangu hapo kila dakika ni amri mpya. Ukiitoa mapema, uchachu hubaki. Ukiingoja kidogo, sukari iliyomo hugeuka rangi na kuleta utamu wa kuungua. Ukiisahau, hubaki masizi, na hapo arabika ya Bugisu na robusta ya Masaka hulingana katika ubaya. Wafanyabiashara wasio waaminifu hulijua hilo: kahawa iliyounguzwa mno huficha buni mbovu, na hata mahindi yaliyochanganywa humo.

Mwandishi wa makala haya alipata kuonja, katika kantini moja isiyo na haja ya kutajwa, kahawa iliyokaa juu ya makaa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mpishi alijitetea kwamba kahawa yenyewe ni mbaya. Sivyo. Unga ule ule, ulipopikwa upya mbele yetu, ulitoa kikombe ambacho sajenti aliyekuwapo alikinywa bila sukari, akaomba cha pili.

Siri yake ni ndogo. Kahawa hutoa vitu vyake ndani ya maji kwa zamu: kwanza hutoka uchachu, halafu utamu, na mwisho uchungu mkali. Mpishi mwema huiondoa kahawa katika maji kabla zamu ya mwisho haijatamalaki. Kwa hiyo asichemshe unga pamoja na maji kwa muda mrefu. Achemshe maji peke yake, ayaepue, atie unga uliosagwa kiasi cha chembe za mchanga mnene, akoroge mara moja, afunike kwa dakika nne, kisha achuje yote na kutupa machicha. Kipimo ni gramu 60 za unga kwa lita moja ya maji. Unga uliosagwa laini kama wa ngano hutoa uchungu upesi. Uliosagwa kwa mapande makubwa hutoa maji yasiyo na ladha. Chembe chache za chumvi hupunguza uchungu kuliko kijiko cha sukari, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walijaribu.

Hapa Kampala tumepewa msaada na mwinuko wa nchi. Kwa kuwa mji uko kiasi cha meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka yakiwa na nyuzi 96 tu, wala hayafiki 100 kama ya Mombasa. Na nyuzi hizo ndizo wajuzi wa kahawa wanazozipendekeza. Kwa hiyo asiyekuwa na kipima joto hapotezi chochote. Unga nao uwekwe ndani ya kopo lenye kifuniko imara, usagwe wa siku chache tu, maana harufu hutoroka mapema kuliko ladha. Wenzetu wa pwani, ambao hupika kahawa chungu katika madele ya shaba, huongeza tangawizi au iliki, wakaitia katika vikombe vidogo na kuinywa pamoja na tamu kama halua au kashata. Huo nao ni ujuzi: uchungu umewekewa jirani wa kuupoza, badala ya kuzamishwa katika sukari.

WARAGI NA VICHANGANYO

Sheria hizo hizo za viungo na matayarisho hutawala vinywaji vya kuchanganywa, ambavyo askari wengi hukutana navyo siku ya mapumziko. Waragi ya kienyeji, iitwayo enguli, hutokana na pombe ya ndizi iliyopikwa, mvuke wake ukapitishwa katika bomba lililopoozwa kwa maji. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilikataza kuitengeneza bila leseni, na kiwanda cha Port Bell kikawa kinaivukiza upya na kuisafisha kwa jina la Uganda Waragi.

Katika mabaa ya Kampala waragi huchanganywa na tonik, na soda ya tangawizi, na ndimu, au na maji ya nanasi. Kila kimoja kina kazi yake. Ndimu hukata utamu, tonik huleta uchungu wa kwinini, tangawizi hutoa moto wa mdomoni. Sukari haiyeyuki upesi katika kinywaji baridi, ndiyo sababu mwuzaji mjuzi hutumia shira iliyochemshwa kwa maji na sukari sawa kwa sawa. Barafu ya vipande vikubwa hupoza bila kutia maji mengi. Ile ya vipande vidogo vilivyokwisha kulowana huharibu bilauri kabla mtu hajaketi.

Lakini hapa ndipo ulimi unapoacha lindo lake. Baridi na utamu huficha makali. Vipimo viwili vya waragi, kila kimoja mililita 30 zenye kileo cha asilimia 40, ni sawa na chupa nzima ya bia ya nusu lita. Lakini ndani ya maji ya nanasi na barafu havisikiki, na mtu hunywa bilauri nne akidhani amekunywa sharubati.

Liko jambo baya kuliko hilo. Mwezi wa Aprili 2010, watu wapatao 80 waliripotiwa kufa katika eneo la Kabale baada ya kunywa waragi ya ndizi iliyochanganywa na methanoli, yaani spiriti ya viwandani. Methanoli haina ladha inayoweza kuitofautisha na kileo cha kawaida. Mnywaji hulewa kama siku zote, akalala, na baada ya saa 12 au 24 huanza kutapika, kuumwa tumbo, na kuona ukungu mbele ya macho. Mililita 10 zaweza kupofusha, na 30 zaweza kuua. Anayeona dalili hizo kwa mwenzake ampeleke hospitali mara moja, bila kungoja alale zipungue, kwa maana dawa ya sumu hiyo ipo lakini haifai kitu ikichelewa. Serikali iliondoa vipakiti vidogo vya pombe kali sokoni mwaka 2019; hata hivyo chupa isiyo na muhuri, inayouzwa kwa bei ambayo hata chupa tupu haipatikani, bado hupatikana kwa atakaye kuitafuta.

KAHAWA HAIONDOI ULEVI

Limebaki kosa moja ambalo huyaunganisha mambo haya mawili, nalo limeenea sana kambini. Askari aliyekunywa hadi usiku wa manane hupewa kahawa kali ili aweze kushika zamu au usukani. Kafeini humfumbua macho, hilo ni kweli, lakini haipunguzi hata tone moja la kileo kilichomo damuni. Kazi hiyo ni ya ini, nalo halina haraka: chupa moja ya bia hulichukua saa mbili au zaidi. Kahawa basi humfanya mlevi kuwa mlevi aliye macho, mwenye kujiamini kuliko anavyostahili, naye ana bunduki au gari mkononi. Madereva wa mji huu wamekwisha kujaribu kukidanganya kwa kahawa kile kifaa cha polisi cha kupima pumzi, ambacho watu wa Kampala hukiita Kawunyemu. Polisi waliokishika barabarani usiku wanajua jinsi majaribio hayo yanavyokwisha.