Mshamba wa Sinema Aliyekuwa Waziri Mkuu

Paukwa! Itikieni kwa nguvu, maana hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ni ya kweli, na mhusika wake babu zenu wanamjua kwa jina.

Ukishika barabara kutoka Masasi, ukapita Tunduru na kuzidi kwenda, unafika upande wa Songea. Huko ndiko alikozaliwa Rashidi Mfaume Kawawa, mwaka 1926. Alisoma hadi Tabora, kisha akaajiriwa na serikali ya Mwingereza. Kazi hiyo ndiyo iliyomwingiza kwenye sinema: miaka ya mwanzo ya 1950 ilitengenezwa filamu ya Kiswahili, Muhogo Mchungu, naye akawa mwigizaji wake mkuu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana wa shamba anaingia Dar es Salaam, fedha anazo, ujanja wa mjini hana. Matapeli wanamtambua kabla hajafungua mdomo, na fedha zinamtoka. Nyinyi wa Masasi na Newala habari hii hamhitaji kuonyeshwa. Korosho zikishauzwa, hakosekani kaka anayepanda basi akashuke Mbagala kwa mbwembwe, kisha anapiga simu nyumbani kuomba nauli ya kurudia.

Zama zile filamu za serikali zilifuata watu kwa gari. Jioni ilitandazwa shuka nyeupe, jenereta ikanguruma, na mashine ikapitisha ukanda wenye picha 24 kila sekunde. Jicho haliwahi kuzitenganisha, ndiyo maana unaona mtu anatembea wakati kila picha imesimama tu.

Sasa tuvuke bahari, tulinganishe na filamu nyingine. Mwaka 1955, Mfaransa Jean Renoir alitoa filamu ya rangi iitwayo French Cancan, yenye muziki, ngoma na vichekesho. Ndani yake yumo Nini, msichana mfua nguo wa Paris. Naye anaingia kwenye ulimwengu asioujua, ule wa wacheza dansi, lakini yeye habaki kulia: mwishoni anapanda jukwaani na ukumbi mzima unamshangilia.

Mbona Nini apigiwe makofi, na kijana wetu aibiwe? Tazameni mfuko uliolipa. Filamu ya Renoir iliishi kwa kiingilio, na aliyekata tiketi alitaka aondoke amefurahi. Ya kwetu ilikuwa ya serikali ya kikoloni, na serikali ile haikupenda vijana wajazane mjini. Wasio na kazi ilikuwa ikiwakamata na kuwarudisha makwao. Kicheko kilibeba onyo: bakini shamba.

Onyo la matapeli lilikuwa la kweli, hilo tusilikatae. Ila mwigizaji mwenyewe hakubaki shamba. Mwaka 1955 alishiriki kuunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, akawa katibu mkuu wake, akiwasemea watu ambao wengi wao walitoka vijijini kutafuta riziki. Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, aliyekabidhiwa kiti alikuwa yuleyule Kawawa, aliyewahi kuigiza mshamba asiyeujua mji.

Basi wajukuu zangu, simu zenu zimejaa vichekesho. Chekeni, kucheka ni dawa. Mkimaliza jiulizeni: hiki nani kakilipia, na anataka mimi nifanye nini?