Barua Yenye "Kupitia Kwa": Utangulizi wa Utawala wa Shule

Anayetaka kujua shule za umma zinaendeshwaje nchini Tanzania asianze na mchoro wa muundo. Aanze na barua. Mchukue mwalimu wa shule ya msingi kata ya Nyololo, wilayani Mufindi, mwenye ombi rasmi. Juu anamwandikia Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Mufindi. Chini yake, "Kupitia kwa: Afisa Elimu Kata". Chini tena, "Kupitia kwa: Mwalimu Mkuu". Kila mmoja atatoa maoni, atie sahihi na kugonga muhuri, ndipo karatasi ipande ngazi. Kozi nzima ya utawala wa elimu imo katika mistari hiyo mitatu.

Linalowachanganya wageni wa somo hili ni kwamba Mkurugenzi hawajibiki kwa Wizara ya Elimu. Ofisi yake kuu ni TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Wizara inashika sera, mitaala kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, mitihani kupitia Baraza la Mitihani (NECTA), na wathibiti ubora, ambao walimu wazee bado wanawaita wakaguzi. Nidhamu na kupanda daraja ni mambo ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Hata shule za sekondari, zilizokuwa za Wizara, zilikabidhiwa halmashauri mwaka 2009. Basi mwalimu wa hisabati akikosekana, aulizwe nani? Mkurugenzi anaweza kumhamisha mwingine ndani ya halmashauri yake; ajira mpya inasubiri kibali kutoka juu. Kwangu mimi huo ndio udhaifu mkubwa wa mfumo: wenye kauli ni wengi, na mzazi hajui mlango wa kubisha.

Ningemshauri mwanafunzi wa fani hii amfuate kwa karibu Afisa Elimu Kata, yule aliyeitwa zamani Mratibu. Turudi Nyololo: iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, na hapo ndipo wanaokwenda Mgololo wanapochepuka. Malori yanapita usiku na mchana, lakini shule haziko zote kando ya lami. Afisa anazifikia kwa pikipiki, na masika tope la Mufindi halina huruma na cheo cha mtu. Takwimu zinazosomwa Dodoma zimepita kwanza kwenye mkoba wake.

Kuhusu fedha, piga hesabu mwenyewe. Tangu Januari 2016 elimumsingi, kuanzia awali hadi kidato cha nne, ni bila ada, na ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi imewekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya watoto 500, hata ikipata yote, ina shilingi milioni 5, yaani kama 417,000 kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, mipira, kitasa kilichong'oka. Pengo likibaki, kamati ya shule inaitisha wazazi, na kikao hicho kina siasa nzito kuliko vikao vingi vya madiwani.

Ukienda shuleni huko Mufindi, usianze na maswali. Salimia "Kamwene" kama wenyeji, uombe kitabu cha wageni, na kabla ya kutia sahihi yako soma kurasa za nyuma: nani alikuja, ametoka ofisi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini.