Baruti si Moja: Kuchagua Baruti ya Risasi za Bunduki

Katika somo lililopita tulitaja sehemu nne za risasi kamili: ganda, fataki, baruti, na risasi yenyewe inayoruka. Leo tutaieleza baruti, kwa maana hapo ndipo watu hukosea, na kosa hilo hulipwa kwa macho na vidole.

Ziko baruti za namna mbili. Ya kwanza ni baruti nyeusi ya zamani, mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Ya pili ni baruti isiyo na moshi, aliyoitengeneza Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884 kwa pamba iliyogeuzwa kwa asidi. Nguvu yake ni kubwa mno kuliko ya ile nyeusi, kipimo kwa kipimo.

Huko Marekani, wawindaji na walenga shabaha wengi hujaza tena maganda yaliyokwisha kupigwa. Wataka kupunguza gharama, na wataka risasi inayoipatana bunduki yao. Mtu huyo anapochagua baruti haulizi, "Ipi ina nguvu?" Huuliza, "Ipi yaungua kwa kasi gani?"

Mpishi yeyote alijua jambo hili. Makuti huwaka mara moja yakaisha. Kuni za mkoko huungua polepole mpaka wali uive. Bastola ina mtutu mfupi na risasi nyepesi, basi yataka baruti ya upesi. Bunduki ndefu yenye ganda kubwa na risasi nzito yataka baruti ya polepole, isukume risasi njia yote ya mtutu. Ukitia baruti ya bastola katika ganda la bunduki kubwa, hewa ya moto hujaa kabla risasi haijapata nafasi ya kwenda. Hapo chuma hupasuka.

Risasi ya .30-06, ya mwaka 1906, imewekewa mpaka wa msukumo wa ratili 60,000 kwa inchi moja ya mraba. Mpira wa motokaa hujazwa ratili 30 hivi tu. Na msukumo huo wote u karibu na shavu la mpigaji.

Tena, usiamini macho. Baruti mbili zaweza kufanana kwa rangi na kwa punje, lakini mwendo wake ni mbali mbali. Wala usiamini nambari peke yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon alinunua baruti iliyobaki jeshini akawauzia wawindaji. Moja iliitwa 4831. Baadaye kampuni ya DuPont ikatoa IMR 4831. Nambari ni ile ile, lakini hii ya pili yaungua upesi zaidi, na kipimo cha moja hakifai kwa nyingine. Kwa hiyo mjuzi husoma jina lote la kopo, hufuata kitabu cha mtengenezaji, huanza na kipimo cha chini, naye hupima kwa mizani. Kopo lililopotewa na karatasi yake halitumii kamwe.

Katika Tanzania na Kenya sheria hairuhusu mtu kujitengenezea risasi bila kibali. Lakini somo hili latuhusu sisi pia, kwa sababu ya gobori. Mwenye gobori hupima baruti nyeusi kwa kibaba, kisha hushindilia. Akivunja risasi ya kisasa na kumimina baruti yake kwa kibaba kile kile, mtutu utapasuka mikononi mwake. Chuma kile hakikufanywa kwa msukumo huo. Baruti nyeusi ikikosekana, heri arudi nyumbani bila kitoweo.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi:
1. Kwa nini baruti ya bastola ni hatari katika bunduki kubwa?
2. Mtamwambia nini jirani anayetaka kutia baruti ya kisasa katika gobori?