Nauli ya Mzigo Isile Ada ya Mtoto

Sisi akina mama wenye maduka madogo huku Arash, wilayani Ngorongoro, tunaujua urefu wa safari ya kufuata bidhaa Arusha. Kwa njia ya Mto wa Mbu, lori hupita Engaruka na Ngaresero kabla ya kupanda kuja kwetu. Hata hivyo, wengi wetu hupanga bei kwa kuangalia risiti ya duka la jumla peke yake. Mwisho wa mwezi tunashangaa: sukari imekwisha, na ada ya mtoto haipo!

Tupige hesabu pamoja. Tuseme umenunua mifuko 10 ya sukari, kila mmoja kilo 50. Mwenye lori anataka shilingi 5,000 kwa mfuko. Wapakiaji na washushaji, 1,000. Jumla ni 60,000. Ongeza nauli yako na chakula cha njiani, 40,000. Hiyo ni 100,000 kwa kilo 500, yaani shilingi 200 kwa kila kilo. Ukiongeza 150 tu juu ya bei ya kununulia, hujapata faida, umepoteza 25,000.

Vitu vyepesi navyo vina hesabu yake. Ndoo na magodoro mara nyingi hulipiwa nafasi, si uzito. Basi tupachike ndoo moja ndani ya nyingine, tuulize nauli kabla ya kununua, na ikiwezekana tukodi lori watu wawili watatu.

Mama mwenzetu, andika kila gharama daftarini kabla hujafungua mfuko wa kwanza. Mtaji ukiliwa njiani, watoakaokosa ni watoto.