Mechi Iliyolala Ina Hesabu Yake

Ligi Kuu ya Tanzania Bara yenye timu 16 huwa na mechi 240 kwa msimu, kila timu ikishuka dimbani mara 30. Msimu ukishaisha, mwombe shabiki akutajie mechi anazozikumbuka. Vidole vya mikono miwili vitamtosha, na nyingi kati ya hizo atakazotaja zitakuwa na Simba au Yanga ndani yake. Zilizobaki zimepita kama hazikuchezwa. Maelezo yanayotolewa vijiweni ni kwamba wachezaji wa timu ndogo hawana viwango na makocha wao ni waoga. Maelezo hayo siyakubali. Mechi iliyolala mara nyingi ni uamuzi sahihi wa timu isiyo na fedha, na uamuzi huo utaendelea kuwa sahihi mpaka ligi ibadili kile inachokilipa na kile inachokiadhibu.

Kila anayefuatilia ligi hii anaijua sura ya mechi hiyo. Dakika ya 65 matokeo bado ni 0-0, timu mwenyeji ina watu tisa nyuma ya mpira, na kipa amejilaza chini akishika paja huku akimwita daktari. Mpira ukirejea uwanjani, beki wa kati anaubutua jukwaani, na timu yake ikipata mpira wa kurusha, mrushaji anaufuata kwa mwendo wa kutembea. Hali hii tunaiita kupaki basi na kupoteza muda, lakini tuitazame kwa tarakimu. Chukua timu kubwa ambayo, mpira ukichezwa kwa kasi ya kawaida, hufunga wastani wa mabao mawili dhidi ya mpinzani mdogo, naye mpinzani hufunga wastani wa nusu bao, yaani bao moja katika kila mechi mbili. Kwa kanuni ya Poisson, ambayo watakwimu huitumia kukadiria mabao, timu ndogo itaambulia sare au ushindi katika mechi 27 kati ya 100. Sasa kocha wake aupunguze mchezo kasi kwa nusu, wastani ushuke kwa wote wawili: bao moja kwa robo bao. Tofauti ya uwezo haijaguswa, bado ni nne kwa moja, lakini timu ndogo sasa inaondoka na pointi katika mechi 45 kati ya 100. Na mtazamaji je? Mechi za 0-0 zimepanda kutoka 8 hadi 29 katika kila 100. Kocha ambaye ajira yake inategemea kutoshuka daraja hawezi kuikataa biashara hiyo, na mimi simlaumu.

Kiini cha tatizo basi ni pengo la uwezo. Mwaka 1964 mchumi Walter Neale wa Marekani aliandika kwamba bingwa wa ngumi anahitaji mpinzani wa kweli ili pambano liuzike; Joe Louis alimhitaji Max Schmeling. Kwetu, tangu Azam FC ilipotwaa ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mechi, hadi msimu wa 2024/25 kombe halikutoka mikononi mwa Yanga na Simba. Thamani ya kutojua matokeo ilionekana Novemba 29, 2022 kule Mbarali, Ihefu ilipoifunga Yanga 2-1 na kuikatisha safari ya mechi 49 za ligi bila kupoteza. Yanga ikawa bingwa msimu huo hata hivyo, lakini mechi ile bado inasimuliwa na watu ambao hawakuwahi kuishabikia Ihefu.

Kuna hoja nzito dhidi yangu, nayo inatoka Ujerumani. Bayern Munich ilibeba ubingwa mara 11 mfululizo, kuanzia 2013 hadi 2023, na viwanja vya Bundesliga vikaendelea kuwa miongoni mwa vinavyojaa zaidi duniani. Je, si ushahidi kwamba pengo haliui burudani? Ungekuwa ushahidi kama mechi ingekuwa na maana kwa sababu ya kombe peke yake. Kule nyuma ya Bayern kulikuwa na nafasi kadhaa za kwenda Ulaya, zikigombewa na klabu zenye fedha za kutosha kushambulia, hivyo timu ya saba ilikuwa na cha kutafuta mpaka siku za mwisho. Utazame sasa msimamo wetu wa 2024/25. Nafasi nne za juu, Yanga, Simba, Azam na Singida Black Stars, ziliingia mashindano ya Afrika. Mbili za mwisho zilishuka, ya 13 na ya 14 zikaenda mchujo. Kuanzia ya tano hadi ya 12 kuna timu nane, nusu ya ligi nzima, ambazo zikishajihakikishia kubaki hazina tena cha kushinda wala cha kupoteza. Mechi zao za mzunguko wa pili ndizo zinazopooza kuliko zote.

Viwanja navyo vina sehemu yao. Kwenye nyasi zenye mabonde pasi fupi inageuka kuwa kamari, na mpira mrefu unakuwa busara. Bodi ya Ligi imewahi kuvifungia viwanja visivyokidhi vigezo, na ni sawa. Lakini kiwanja kizuri hakimpi kocha sababu ya kushambulia. Kinamwondolea kisingizio tu.

Sababu inaletwa na fedha. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa haki za matangazo wa Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10. Uingereza ilipoanzisha Ligi Kuu yake mwaka 1992, iliamua nusu ya fedha za televisheni za ndani igawanywe sawa kwa klabu zote, robo ifuate nafasi kwenye msimamo, na robo ifuate idadi ya mechi zilizoonyeshwa. Wapo watakaosema kwamba kugawana sana kutazidhoofisha Simba na Yanga, na kwamba ni nguvu yao iliyoifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 na kutupatia nafasi nne za Afrika. Hofu hiyo ina msingi, lakini fedha za televisheni ni pato mojawapo tu: viingilio, wadhamini, jezi na zawadi za CAF vitabaki vyao. Ninachotaka ni msingi ulio sawa kwa wote, na juu yake malipo yanayotofautiana kwa kishindo kati ya nafasi ya tano na ya 12, ili timu ya nane mwezi Mei ipate mamilioni kwa kupanda hatua moja. Wanaopendekeza kulipa kwa kila bao nawapinga; hilo ni kualika upangaji wa matokeo.

Mkataba wa sasa unafika ukingoni 2031. Klabu zitakapokaa kujadili ujao, mgawanyo uwe hoja ya kwanza mezani, kabla ya ukubwa wa kitita.