Ujira wa kibarua umelala nyumbani kwa paroko

Ukipita Tunduma alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa, utawaona. Wamesimama kando ya barabara kuu iendayo Nakonde, wengine wamekalia mikokoteni yao, wengine wameegemea kuta, mikono imezama ndani ya makoti kwa sababu ya baridi. Wanasubiri lori la kushusha, gunia la kubeba, mtu yeyote wa kuwaita. Kufika saa tatu baadhi wameshaitwa. Saa sita wengine bado wapo. Na mimi mwenyewe, nikirudi kutoka kumpa mgonjwa Mpako Mtakatifu, nimewahi kuwakuta saa kumi na moja jioni vijana wale wale niliowapita asubuhi, wamesimama pale pale.

Injili ya Mathayo sura ya 20 inawajua vijana hawa. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja. Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati katika mfano huu, maana saa za Injili ni saa zetu. Seminarini tulikuwa na mwalimu kutoka Ulaya ambaye kila akifika hapo ilimbidi ahesabu vidole. Sisi tulielewa mara moja: saa kumi na moja jua linazama, na mtu ambaye hajapata kazi saa hiyo anarudi nyumbani mikono mitupu.

Bwana anawauliza kwa nini wamesimama bure mchana kutwa. Wanamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Naomba tulisikilize jibu hilo vizuri, kwa sababu katika vikao vyetu vya parokia, na mara nyingine hata mimbarini, tuna jibu letu tulilokwisha kulitunga: vijana wa siku hizi ni wavivu, wanakimbia jembe. Bwana hakusema hivyo. Aliwasikiliza, akawapeleka shambani.

Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kutoka ubavuni mwa Mbeya. Ni mkoa mmoja, lakini ukitoka Vwawa ukaenda pande zake zote utadhani umepita katika nchi nne. Mbozi, juu kwenye ubaridi, ni kahawa, mahindi na maharage. Momba inateremka hadi bonde la Ziwa Rukwa; huko ni joto, ufuta, mpunga wa Kamsamba, ng'ombe, na samaki wa ziwani. Ileje ni milima, migomba na kahawa, Malawi ikionekana ng'ambo ya mto Songwe, na chini ya ardhi yake kuna makaa ya mawe ya Kiwira na Kabulo. Wilaya ya Songwe yenyewe, upande wa Mkwajuni na Saza, ni dhahabu, ile ya Lupa iliyoanza kuwaita watu kutoka mbali tangu miaka ya 1920. Na Tunduma hailimi kitu cha kutajwa; inaishi kwa malori, yanayopeleka mafuta Zambia na Kongo na kurudi na shaba, na kwa watu wanaobadilisha shilingi kuwa kwacha.

Mtu angesema Mungu ametugawia vizuri: huku hakuna hiki, kule kipo. Ni kweli. Lakini kalenda ya kazi haikugawanywa vizuri hivyo. Mwezi wa sita mahindi ya Mbozi yanavunwa, kahawa inaiva, na huko Momba ufuta na mpunga vinadai mikono wakati huo huo. Kila mwenye shamba analalamika kwamba hapati vibarua. Miezi michache baadaye, mwezi wa kwanza na wa pili, ghala la maskini limeisha na mahindi mapya bado ni mabichi shambani. Hapo ndipo baba na mama wa familia wanapokwenda kupalilia ngwe za watu ili wapate debe la mahindi au fedha ya unga. Wanapalilia vizuri shamba la jirani huku la kwao likimezwa na magugu, kwa sababu mvua haimsubiri mtu. Shamba lililochelewa kupaliliwa linatoa kidogo. Kwa hiyo mwaka unaofuata, mwezi wa kwanza, ni watu wale wale tena wanaopiga hodi. Nimekaa vijijini miaka mingi na nimeona nyumba zinazozunguka katika duara hilo tangu babu hadi mjukuu. Huo si uvivu, wapendwa. Watu hao wanafanya kazi kuliko sisi tunaowahubiria.

Kijana wa nyumba ya namna hiyo anaangalia kahawa. Anachuma mwezi wa sita au wa saba, inapelekwa kwenye chama cha msingi, inasubiri kuuzwa, malipo yanakuja baadaye, na makato yametangulia. Anaangalia ufuta wa Momba unaouzwa kwa stakabadhi ghalani, na hapo pia kuna kusubiri. Kisha anasikia kwamba Saza mtu anashuka duarani usiku, asubuhi mawe yanapelekwa kwenye karasha, yanasagwa, yanaoshwa, na mgao wake unalipwa siku hiyo hiyo. Haambiwi habari za duara lililoanguka, wala za zebaki inayoshikwa kwa mikono mitupu na kuchomwa karibu na sufuria ya chakula. Anasikia neno moja tu: siku hiyo hiyo.

Na neno hilo ni la Kimaandiko! Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inaagiza kwamba kibarua maskini, awe ndugu yako au mgeni, alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kwa sababu moyo wake umeuelekea ujira huo. Mtume Yakobo, sura ya 5, anasema ujira waliozuiliwa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Papa Leo wa XIII aliandika juu ya haki ya mfanyakazi mwaka 1891. Yohane Paulo wa II, mwaka 1981, aliwatengea wafanyakazi wa mashambani sehemu yao katika waraka wake juu ya kazi, akiona kwamba katika nchi nyingi wao ndio wanaolinyanyua jembe na wao ndio wanaosahauliwa. Serikali yetu, katika amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa kilimo kuwa Sh140,000 kwa mwezi, na madini juu zaidi ya hapo. Ni vyema. Ila mchumaji wa kahawa anayelipwa kwa debe, bila karatasi yoyote, amri hiyo anaisikia redioni tu.

Nimeandika mengi juu ya wengine. Sasa niandike langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa paroko katika parokia moja ya vijijini yenye shamba la kahawa. Shamba hilo lilisaidia kulipa makatekista na kununua mafuta ya pikipiki. Mwezi wa saba tuliita wachumaji. Wengi walikuwa akina mama wa jumuiya zetu. Tukaandika madebe yao kwenye daftari, na walipodai malipo nikasema neno ambalo wenye mashamba wote husema: subirini kahawa iuzwe.

Mama mmoja mjane alikuja nyumba ya mapadre mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele amina, mama. Karibu."

Hakukaa. Aliuliza kama ile fedha imepatikana. Nikamwambia bado, mnada haujafanyika. Alikuja tena mwezi wa nane. Mara ya tatu alisema kitu ambacho hakukisema awali: mwanawe wa kidato cha tatu alikuwa amesimamishwa kwa michango ya shule, na amekaa nyumbani. Nikamwambia avumilie. Kusema kweli fedha ya kumlipa ilikuwepo. Ilikuwa kwenye bahasha ya kupaka rangi sakristia, kwa sababu tulikuwa tunamngoja Askofu kwa Kipaimara, na niliona aibu Askofu akute kuta zimebabuka.

Hakuja tena. Mwezi wa tisa nikasoma Injili ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu, nikaihubiri kwa dakika ishirini, kwa ufasaha mkubwa, katika kanisa lenye sakristia mpya. Alikuwa amekaa benchi la nne upande wa akina mama. Hakuniangalia vibaya. Afadhali angeniangalia vibaya.

Mwezi wa kumi kahawa ikalipwa. Nilichukua daftari nikaenda kwake mwenyewe kwa miguu, pamoja na katekista. Nilimuulizia kijana. Akasema ameenda Mkwajuni na wenzake, tangu ile wiki ya mwisho aliyokuja kwangu. Alituma salamu mara moja kupitia mtu wa gari. Nilimwomba msamaha mbele ya katekista. Akasema, "Hapana Baba, yamekwisha," akapokea Sh36,000, akazihesabu noti moja moja.

Kisha akaingia ndani, akatoka na kadi yake ya zaka na noti mbili za elfu mbili. Nilijaribu kukataa. Akaniambia hiyo si yangu, ni ya Mungu. Katekista hakuwa na kalamu. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu, nikaijaza kadi mwenyewe.